Popa za kandambili: rangi inabanduka, na kolekole anapiga bila kunasa

Mwana wa Takaungu

Salaam wavuvi wenzangu. Naomba msaada kwa wanaojua kutengeneza popa, kile chambo bandia cha kuelea ambacho ukishtua mshipi kinapiga maji "bup!" na kutoa povu.

Niko Kilifi, kazi yangu ni kutengeneza injini za boti. Jioni maji yakianza kujaa nateremka hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, kuvua. Mwaka jana mgeni mmoja alipomaliza likizo aliniachia fimbo yake namba 8, ile ambayo uzito wa kurushia uko kwenye mshipi wenyewe na haitaki chubwi, pamoja na popa tatu. Moja ilikatwa na samaki mzia siku ya pili tu. Ya pili iko juu ya mikoko mpaka leo. Ya tatu sithubutu kuitia majini, naitazama tu nikiwa nachonga zangu.

Nachonga kwa kandambili. Huku hazinunuliwi: pita ufukweni baada ya bamvua, yale maji makubwa, utaokota za kujaza gunia, mguu mmoja mmoja. Nakata kwa kisu kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, napitisha ndoana katikati, natia supagluu, mkiani nafunga manyoya ya jogoo mweupe. Rangi ni masalio ya rangi ya boti: tumbo jeupe, mgongo wa buluu, koo jekundu. Mwanangu wa darasa la tano ndiye mchoraji wa macho, na anayachora vizuri kweli.

Nyumbani zinapendeza. Majini ni huzuni. Nikirusha mara tatu rangi inapasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nikifika mara kumi inabanduka vipande vipande, na macho ya mwanangu yanakwenda nayo. Mwili nao unazunguka kwenye ndoana mpaka ncha inatazama juu. Lililoniuma zaidi ni la Alhamisi iliyopita: kolekole alikuja mara nne upande wa Mnarani, maji yakapasuka kama mtu ametupa jiwe, sikumnasa hata mara moja. Nakosea wapi?

Binti Chongoleani (Tanga)

Pole kaka. Bora wewe ulianza na malapa. Mimi nilianza na lile boksi jeupe jepesi linalokuja na friji mpya, kwa sababu linaelea sana na linakatika kirahisi. Nikapaka rangi ya kucha. Wallahi liliyeyuka mbele ya macho yangu, likanywea likabaki kama bazoka iliyotafunwa. Rangi ya kucha na tina ya kuzimulia rangi zinalila boksi lile, anayesoma hapa asijaribu. Kwenye malapa rangi ya kucha haili, ila ukiipaka nene inapasuka vilevile.

Sasa hivi mimi sipaki kabisa. Nachagua malapa meupe au ya njano, nachora macho, basi. Kolekole wadogo wa kukaanga sikosi.

Fundi Rangi wa Lamu

Mwanangu wa Takaungu, waalaikum salaam. Mimi napaka madau na mashua, uvuvi ni wa Ijumaa jioni, na nilivyokusoma swali lako ni la rangi kabla halijawa la samaki.

Rangi ya boti ni ngumu. Imetengenezwa ikae juu ya ubao uliotulia. Kandambili inabonyea kila ikipiga maji na kila ikigonga mwamba. Rangi haiwezi kubonyea nayo, basi inapasuka. Ama kila kitu kiwe laini, ama kila kitu kiwe kigumu. Ukichanganya utapaka mpaka uchoke.

Tuanze na mwili. Kandambili ya ufukweni imepigwa jua miezi, ngozi yake ya nje imekuwa unga na imeingia mafuta. Hapo rangi haishiki hata ungefanyaje. Kata ngozi yote utupe, tumia kiini. Hapa Lamu lipo lile dau la plastiki lililoshushwa mwaka 2018, likasafiri hadi Unguja mwaka 2019, limevikwa kandambili kama 30,000. Ukiliona utashangaa rangi zilivyo mbichi.

Kisu kiache. Wewe fundi injini hukosi kipande cha bomba la shaba. Tafuta la milimita 12 au 13, linoe mdomo kwa tupa mpaka ukate kama wembe, lilowanishe, kisha lizungushe huku unakandamiza juu ya kandambili. Kinatoka kizibo cha mviringo safi. Ukitaka vidogo vya samaki wadogo, eriali ya redio kuukuu inafaa. Chonga nyuma kwa msasa mpaka pachongoke. Uso wa mbele uchimbe kidogo kama kijiko cha chai, kwa msasa uliouviringisha kwenye kijiti. Uso usio na shimo unateleza juu ya maji, haupigi kelele. Shimo likizidi, popa inazama na kukuvuta mkono.

Sasa kosa lako la Alhamisi. Umepitisha ndoana katikati ya mwili. Kwa hiyo nusu ya mwili imeziba ile nafasi kati ya shina la ndoana na ncha yake. Kolekole amefunga mdomo kweli, lakini alichouma ni kandambili. Chana mfereji chini ya tumbo kwa wembe, usifike katikati, shina likae humo tumboni, chini kabisa, na ncha ibaki wazi. Ukiweza kuingiza kidole kati ya tumbo na ncha, hapo sawa.

Kuzunguka nako: supagluu haishiki chuma kitupu kilicholaini. Zungushia shina uzi mzito kwanza, kwenda na kurudi, ufanye na vifundo viwili vitatu, ulowanishe kwa supagluu. Ikikauka ndipo unatia gundi ya mirija miwili kwenye mfereji na kukandamiza. Haitazunguka tena.

Rangi. Piga msasa namba 400, futa kwa spiriti, na baada ya hapo usiguse kwa kidole, shika ndoana tu. Pitisha mwili haraka juu ya makaa, mbali kidogo, mpaka uanze kung'aa. Vitundu vinajifunga na rangi hainyweki. Fanyia nje, moshi wake si mzuri. Halafu rangi za akriliki, zile za wachoraji za kuchanganya na maji. Nyembamba. Kauka, paka tena, kauka, paka tena. Ukitaka magamba, vuta neti ya vitunguu juu ya mwili na ugonge kwa sponji yenye rangi kidogo sana.

Mgongo wa buluu ni wako wewe wa kufurahia. Samaki yuko chini, anaona tumbo. Mchana tumbo jeupe. Magharibi ikiingia, popa nyeusi tupu ndiyo inayoonekana, maana anaiona kama kivuli kwenye mwanga wa mbingu.

Macho mwambie mchoraji asitumie brashi. Kichwa cha msumari kwa nyeupe, aguse mara moja tu. Ikikauka, kichwa cha pini kwa nyeusi. Na yawe makubwa; mashua zetu zina jicho kila upande wa omo, halikuchorwa dogo hata siku moja. Baada ya macho ndipo unafunika mwili mzima kwa gundi ya mirija miwili, ile ya dakika tano, huku unageuza kwa mkono mpaka ikaze, la sivyo inateremkia upande mmoja. Hapo mwili umekuwa mgumu wote, na rangi iko ndani ya kioo. Usitumie gundi nyeupe ya mbao: ikikaa majini inarudi kuwa maziwa.

Mwana wa Takaungu

Ami, umenifungua macho. Swali moja: ile popa ya mgeni shina lake lina mkunjo kama mgongo wa ngamia. Zangu ni nyoofu. Nizipashe moto nizikunje?

Fundi Rangi wa Lamu

Hapana. Moto unalegeza chuma, kolekole atazinyosha kama waya. Uzi na vifundo vinatosha. Na kila ukirudi osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi ya siku moja inatosha kuanza kutu.

Kijana wa Karagita (Naivasha)

Mimi navua ziwani, kwa hiyo samaki wangu si wenu. Natafuta bass, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, anakaa kando ya mafunjo akisubiri chura au kereng'ende. Popa yangu ni ya kijani, tumbo njano, na miguu ni mipira ya kufungia pesa: nakata, napitisha kwa sindano kutoka ubavu hadi ubavu, inatetemeka yenyewe. Jua linaioza, lakini kubadilisha ni dakika moja.

La kuongeza ni moja. Ikitua usiiguse. Ngoja mawimbi yake yaishe kabisa, halafu bup moja. Ngoja tena.

Binti Chongoleani (Tanga)

Huyo ni wa ziwani mdogo wangu. Kolekole ukimngojea anaichunguza na kuondoka. Yeye anafukuza mkizi, na mkizi hasimami.

Mwana wa Takaungu

Narudi baada ya wiki mbili. Nilitengeneza nne: mbili tumbo jeupe, moja nyeusi, na moja ya kijani yenye miguu ya mpira kwa heshima ya ndugu wa Naivasha. Gundi ya kwanza iliteremka kweli, popa ikawa na kitambi upande mmoja. Ya pili nilimpa mwanangu aigeuze huku anahesabu, alifika mia nne.

Jana maji yakijaa, jua limeshazama nyuma ya daraja. Nilirusha nyeusi kando ya mikoko. Nilijaribu kungoja, nikaona kivuli kinapanda, kinakaa, kinageuka. Nikarusha tena palepale, safari hii nikashtua mara tatu bila kupumzisha. Aliipiga kabla ya ile ya nne. Mshipi uliniunguza kidole na sikujua mpaka nilipofika nyumbani.

Urefu wake kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka juu ya kiwiko. Ndoana ilikuwa pembeni ya taya, imekaa sawasawa. Popa haikuzunguka. Jicho la kushoto lina mkwaruzo wa jino, lakini rangi iko. Mchoraji amelikagua kwa tochi na kuomba rangi ya fedha kwa zile sita za kesho.