Mwenge wa Olimpiki ukizimika njiani: tupeane uzoefu

Mpenda Riadha: Wakuu, video ya mwenge wa Sochi (Olimpiki ya 2014, Urusi) inazunguka tena, ile ya Oktoba 2013: mwenge unazimika langoni Kremlin, ikulu ya Moscow, mlinzi anauwasha kwa kiberiti cha gesi. Wenye ujuzi wa upande huu, shusheni nondo. Unazimikaje wakati una mtungi wa gesi ndani?

Kandili: Kosa siyo kuzimika. Kosa ni kile kiberiti. Moto unawashwa Olympia, Ugiriki, kwa kioo cha bakuli kinachokusanya jua sehemu moja, kisha unagawiwa kwenye kandili kadhaa zilizofungwa kama taa za wachimba madini. Kandili ndizo zinapanda ndege, ndizo zinaufuata msafara kwenye gari. Mwenge ukizimika, unawashwa kutoka humo, basi. Hata jua likikosekana kuna akiba ya siku ya mazoezi: 16 Aprili 2024 mawingu yalitanda Olympia, moto wa Paris ukatoka kwenye akiba hiyo.

Fundi Gesi: Nijibu la mtungi. Mwenge wa kisasa mara nyingi unabeba propeni, au propeni iliyochanganywa na buteni, gesi zilezile za mitungi ya kupikia. Buteni peke yake ikifika nyuzi sifuri haitoi mvuke, moto unalala. Propeni inaendelea kutoa mvuke mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana Beijing 2008 walitumia propeni tupu. Ila hata kwenye joto mtungi unajipoza wenyewe: gesi ikitoka kwenye umajimaji kwenda mvuke inanyonya joto. Tazama mtungi mdogo wa jikoni ukipikia maharage muda mrefu, unatoa jasho nje na moto unapungua. Ni kitu kilekile, na mtungi wa mwenge ni mdogo zaidi.

Halafu upepo. Moto wa njano unaonekana vizuri lakini ni mlegevu. Wa bluu ni mkali lakini mchana hauonekani. Mwenge wa Sydney 2000 uliweka yote miwili, wa bluu umefichwa ndani ili wa nje ukipulizwa uwashwe upya hapohapo. Nozeli, yaani tundu la kutolea gesi, ikiziba uchafu, au valvu isipofunguliwa mpaka mwisho, hakuna muundo utakaokuokoa.

Temeke Yetu: Huo wa Beijing ulipita hapa Dar, 13 Aprili 2008, stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa. Gramu 985, sentimita 72, unawaka kama dakika 15.

Mpenda Riadha: Kwa hiyo kila mkimbizaji ana mwenge wake?

Temeke Yetu: Ndiyo, mwaka 2008 ilikuwa hivyo. Kinachopokezanwa ni moto. Msimamizi anafungua gesi kwanza, ndipo midomo ya mienge inagusana.

Babu Sanga: Mmesahau Sydney 1956, mwenge ukielekea Olimpiki ya Melbourne! Wanafunzi walipaka mguu wa kiti rangi ya fedha, juu wakaweka kopo la pudini, ndani chupi iliyoloweshwa mafuta ya taa. Mwenzao Barry Larkin akakimbia nao mpaka kwa meya Pat Hills, akamkabidhi, akatokomea kwenye umati. Meya kaanza hotuba ndipo akanong'onezwa kuwa ule siyo wenyewe.

Dada Neema: Chupi!! 😂

Kandili: Babu, ule ni utovu wa heshima.

Babu Sanga: Hapana, mwanangu. Walikuwa wanapinga asili yake. Mbio hizi zilibuniwa na Mjerumani Carl Diem kwa ajili ya Berlin 1936, chini ya Wanazi.

Fundi Gesi: Mwaka huohuo wa 1956 kulikuwa na hatari kubwa kuliko chupi. Mwenge wa mwisho Melbourne uliwekewa magnesiamu, metali inayowaka kwa mwanga mkali, ili uonekane uwanja mzima. Magnesiamu haitulii, inarusha cheche nyeupe. Mkimbiaji Ron Clarke alikimbia kwa singleti, fulana isiyo na mikono, zikamchoma mkono. Gesi ilikuja kutatua hilo.

Temeke Yetu: Kwa atakayepangiwa siku moja: mkono juu, umenyooka.

Fundi Gesi: Usinyooshe. Kunja kiwiko kidogo, mwenge usimame wima mbele ya bega upande upepo unakoelekea. Ukiulaza, gesi ikiwa bado majimaji inafika kwenye nozeli na moto unaruka.

Dada Neema: Na nywele zifungwe nyuma.

Kandili: Na kiberiti kibaki nyumbani.