Kuogelea Cairns mwezi wa Januari na watoto: yavuyavu ni hatari kweli?

Mama Nasra: Hamjambo wapendwa. Januari tunaenda Australia kwa dada yangu, Cairns. Wanangu wakiona maji hawashikiki. Naambiwa yavuyavu wa huko wanaua. Ni kweli, au ni kutishana?

Baba Salma, Townsville: Dada, ni kweli kabisa. Msimu wao ni Novemba hadi Mei, mtafika katikati yake. Anayeua haraka ni Chironex fleckeri: mwili kama sanduku, minyiri hadi mita 3, tena haonekani majini. Sumu yake inaweza kusimamisha moyo kwa dakika chache. Ogeleeni ndani ya wavu wa kuzuia yavuyavu, penye waokoaji, na kila mtoto avae suti ya kufunika mikono na miguu. Ufukweni kuna vigingi vyenye chupa ya siki. Mtu akiumwa, mtoeni majini, pigeni simu ya dharura 000, mmwagieni siki sekunde 30 au zaidi. Msisugue! Wala msitumie mchanga.

Mama Nasra: Kwa hiyo ndani ya wavu tuko salama?

Baba Salma, Townsville: Si kabisa. Kuna yavuyavu mwingine, Irukandji, ana mwili wa sentimita moja au mbili tu, anapenya. Akikugusa, mwanzoni ni mwasho mdogo. Baada ya nusu saa hivi mgongo unakaza, unatapika, presha inapanda. Mtoto akilalamika hata kidogo, siki, kisha hospitali. Mimi wangu Januari nawapeleka bwawa la umma pale Esplanade, Cairns. Bure, na maji ni ya chumvi.

Mama Nasra: Ahsante sana kaka. Basi ni bwawani.