Mrejesho: filamu za karne iliyopita tulizozitazama nyumbani

Ndugu zangu, niliwahi kuomba ushauri kuhusu filamu za karne ya 20 za kuwaonyesha wazee na vijana wa familia yetu hapa Bukavu, nami narudi kuwajulisha yaliyotokea. Tulianza na *La Vie est belle* ya mwaka 1987, ambayo Mweze Ngangura, mzaliwa wa mji wetu huu, aliiongoza pamoja na Benoît Lamy. Papa Wemba alipotokea akiwa mwanamuziki wa kijijini anayetafuta bahati Kinshasa, mama mkubwa aliacha kuchambua maharage, akaimba naye hadi mwisho. *Yeelen* ya Souleymane Cissé iliwachosha watoto kwa mwendo wake wa taratibu, kama mlivyonionya, ingawa mimi binafsi naiweka juu ya zote. (Umeme ulikatika mara mbili, jambo ambalo halikumshangaza mtu.) *La Noire de...* ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, haifiki dakika 70, lakini ilipokwisha hakuna aliyezungumza, mpaka shangazi alipouliza kwa nini mtoto mmoja katika filamu hiyo alivaa kinyago mwishoni, swali ambalo tulibishana juu yake hadi usiku. *Pièces d'identités*, iliyoshinda tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, mwaka 1999, tumeipangia Jumamosi ijayo.