Pointi 260,000: Naxos, Piraeus au nyumbani Korogwe?

Kutoka kwa: Mama Neema, Columbus
Jumapili usiku

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Nina swali la safari, najua humu wamo wanaolijua jambo hili nje ndani. Mimi na Baba Neema tumekusanya pointi 260,000 za kadi ya mkopo kwa miaka minne. Mafuta ya gari, chakula cha nyumbani, bima, kila kitu tunapitisha kwenye kadi na mwisho wa mwezi tunalipa deni lote. Juni, Neema akifunga shule, tunataka kwenda Ugiriki. Tumechagua kisiwa cha Naxos kwa siku tano, na siku tatu Piraeus. Tuko watatu, Neema ana miaka 9.

Piraeus kuna mjomba wangu, mdogo wake mama wa kufuatana ziwa. Alizamia meli pale Tanga mwaka 1988 na tangu siku hiyo hajakanyaga Korogwe. Amepaka rangi matumbo ya meli mpaka mgongo ukagoma. Mwezi uliopita aliniambia kwenye simu kuwa macho yameanza ukungu, angependa amwone Neema akiwa bado anaona.

Maswali yangu: pointi nizihamishie shirika gani la ndege? Baba Neema ana grinikadi, kibali cha kuishi Marekani, lakini pasipoti yake bado ni ya Tanzania, je anahitaji viza? Na hoteli nilipie kwa pointi pia?


Kutoka kwa: Mzee Kombo, Houston
Jumatatu alfajiri

Marahaba mwanangu.

Mimi ya pointi siyajui sana, ila nina neno moja na usinielewe vibaya. Mwaka jana kwenye msiba wa hapa Houston uliniambia una miaka sita hujamwona mama yako. Pointi hizo si zinatosha kukufikisha Dar? Mjomba ni mjomba, sikatai, damu ni damu. Lakini mama hajui hata Naxos iko upande gani, anachojua ni kwamba binti yake ana uwezo wa kupanda ndege na hajafika.

Sikukatazi. Nimesema kwa sababu mimi nilichelewa kwa wangu.


Kutoka kwa: Shangazi Zawadi, London
Jumatatu mchana

Mama Neema, nianze na viza maana hiyo ndiyo inayovunja safari za watu wetu.

Grinikadi haimwondolei Baba Neema viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Watu wameingia Mexico kwa grinikadi bila tabu, wanadhani na Ulaya ni hivyo hivyo. Hapana, Ulaya wanatazama pasipoti. Wewe na Neema kama mna pasipoti za Marekani mtapita, yeye lazima aombe kwenye ubalozi mdogo wa Ugiriki unaohudumia jimbo lenu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kwa safari ya Juni, asiivuke Januari bila kuanza kutafuta miadi, maana nafasi hujaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Awe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na pasipoti yenye kurasa mbili tupu ambayo itabaki hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya.

Mimi natumia pasipoti ya Kenya, nimeomba mara tatu nikiwa hapa hapa Uingereza. Mara ya mwisho yule mama wa dirishani aliipita karatasi ya hoteli bila kusimama, akaja kukaa kwenye barua ya mwajiri. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja: tarehe ya kurudi kazini. Haikuwepo. Ilibidi nirudi wiki iliyofuata na barua mpya. Mwambie Baba Neema barua yake iseme lini anaondoka na lini anarudi kazini, kwa tarehe kamili.

Jambo la pili, nalisema kwa mkazo: mwenye kuomba viza akate tiketi ya pointi kabla ya kufikiria tiketi ya pesa ya bei ya kutupa. Tiketi ya bei ya chini ukinyimwa viza imekwenda na maji. Ya pointi unaifuta na pointi zinarudi. Kwa British Airways mimi hulipa pauni 35 kwa kila mtu kufuta, ilimradi nifanye saa 24 kabla ya ndege. United ukifuta kabla ya safari hawakutozi kurudisha pointi. Kila mpango una sharti lake, lisome kwanza.

Ila Avios zangu, hizo pointi za British Airways, usizifuate wewe wa Marekani. Kutoka London kwenda Athens zinafaa sana. Ukivuka nazo Atlantiki kwa British Airways utakutana na ada zao za juu ya kodi, mamia ya dola kwa kila kichwa, nawe unadhani umekata tiketi ya bure.


Kutoka kwa: Baba Junior, Minneapolis
Jumatatu jioni

Naongeza moja tu. Usihamishe pointi kutoka benki kwenda shirika la ndege kabla hujaiona tiketi yenyewe kwenye kioo, kwa tarehe zako na kwa watu wote watatu. Ukishahamisha hazirudi benki. Mimi nilihamisha 60,000 usiku, asubuhi kiti hakipo. Zimekaa kule miaka miwili na shirika lenyewe limepandisha bei mara mbili.


Kutoka kwa: Baba Rahma, Toronto
Jumanne usiku

Mama Neema na Mzee Kombo, naona mnavutana bila sababu, maana vyote viwili vinawezekana kwenye tiketi moja. Nitalieleza polepole.

Pointi zako za kadi, nadhani ni za Chase au Amex. Zote mbili zinahamia Aeroplan, mpango wa Air Canada, moja kwa moja. Na Aeroplan haikufungi kwa Air Canada peke yake. Inakata tiketi za muungano wote wa mashirika ya ndege, Star Alliance, na humo wamo United, Aegean ya Ugiriki, Turkish, Egyptair, na jirani yetu Ethiopian ambaye anatua Dar, Kilimanjaro na Zanzibar.

Sasa sikiliza. Aeroplan inaruhusu kwenye tiketi ya kwenda tu uweke kituo cha kupumzika njiani, mpaka siku 45, kwa kuongeza pointi 5,000 kwa kila msafiri. Kituo kisiwe ndani ya Marekani wala Kanada. Kwa hiyo unakata Columbus kwenda Dar, kituo Athens. United anakuvusha kutoka Newark au Washington, unashuka Athens, unamwona mjomba, unakwenda Naxos yako, halafu unapanda Ethiopian kupitia Addis mpaka Dar. Bei inahesabiwa kama safari moja, huanzi upya pale Athens. Kwenye ukurasa wao wa kutafuta kuna sehemu ya kuongeza kituo, weka Athens na idadi ya siku.

Mimi nilifanya hivi mwaka juzi kupitia Istanbul kwenda Mombasa na mke wangu, kipande cha mwisho tukalipa wenyewe. Aeroplan hawaongezi ile ada ya juu ya kodi aliyoitaja Shangazi, unalipa kodi za viwanja na dola 39 za Kanada kwa kila tiketi ya shirika mshirika. Kufuta kuna ada, na pointi zinarudi Aeroplan, si benki. Ndiyo maana alichosema Shangazi na Baba Junior viende pamoja: tafuta kiti, kione, hamisha, kata papo hapo.

Kurudi Marekani jiandae kulipa pesa, pointi 260,000 kwa watu watatu hazitafika pande zote mbili. Na naomba niseme hili kwa vijana wanaosoma kimya kimya: Mama Neema analipa deni lote kila mwezi. Riba ya kadi Marekani inapita asilimia 20. Ukibakiza deni ili upate pointi, unanunua nauli kwa bei ya nyumba.

Hoteli za visiwani usitumie pointi. Hoteli za makampuni makubwa unazipata zaidi Mykonos na Santorini, na zile zinameza pointi vibaya sana. Naxos ni vyumba vya familia. Mwulizeni Shaabani, yuko Ugiriki kwenyewe.


Kutoka kwa: Mama Neema, Columbus
Jumatano

Baba Rahma, nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili Baba Neema asikie. Tumetafuta usiku huu. Kiti kipo kupitia Newark, watatu, tarehe 12 Juni. Mzee Kombo, Korogwe imeingia.

Kaka Shaabani, tafadhali njoo.


Kutoka kwa: Shaabani, Kypseli, Athens
Alhamisi

Nimekuja dada, samahani nilikuwa zamu ya usiku.

Uwanja wa ndege wa Athens mpaka bandari ya Piraeus ni metro moja bila kubadilisha, laini namba 3, tangu Oktoba 2022. Tiketi ya uwanja wa ndege euro 9. Mjomba wako kama yuko karibu na bandari, shukeni hapo hapo.

Anzeni na mjomba, kisha kisiwa, na kisiwani msikae mpaka siku ya mwisho. Hili nawaomba sana. Kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi. Kilele chake ni Julai na Agosti lakini Juni nao unaweza kuamka, na ukizidi mamlaka ya bandari inafunga safari zote. Wenyewe wanaita apagoreftiko, katazo. Siku hiyo hakuna wa kumlalamikia, meli imefungwa kamba na watu wamekaa juu ya mabegi. Nimeona familia kutoka Ujerumani ikikosa ndege ya Kampala kwa sababu walipanga kurudi kutoka Paros asubuhi na kuruka jioni. Rudini Athens usiku mmoja kabla ya ndege ya Addis, kama ni mbili ni bora zaidi.

Meli: pandeni ile kubwa ya Blue Star kutoka Piraeus, huwa inaondoka karibu saa moja na nusu asubuhi na Naxos ni mwendo wa zaidi ya saa tano. Boti za kasi zinafika mapema lakini bei iko juu na zinatapisha. Mtu aliyezoea boti za Zanzibar wakati wa kaskazi atanielewa. Bandari ni kubwa mno, mageti yameandikwa E1 hadi E12, geti lenu liulizeni mapema, msiende kulitafuta mkiwa mmebaki na dakika kumi na mtoto mkononi.

Chumba tafuteni Agia Anna au Agios Prokopios, mchanga mzuri, Neema atafurahi. Hapo utalipa mapokezini kodi ya tabianchi, hata kama chumba umekilipa kwa pointi au kwa njia yoyote. Aprili hadi Oktoba hoteli ya nyota tatu ni euro 5 kwa chumba kwa usiku, nyota nne 10, nyota tano 15. Watu huja kugombana mapokezi wakidhani wanaibiwa. Ni kodi ya serikali.

Siku moja pandeni basi la milimani, Halki na Apiranthos. Naxos ina maji na ina mashamba, ndiyo maana mimi naipenda kuliko Santorini. Mlima Zas una mita 1,004, mrefu kuliko yote ya visiwa hivi vya Cyclades. Na kula viazi! Viazi vya Naxos vinajulikana Ugiriki nzima, vinakaangwa kwa mafuta ya zeituni, ndani laini, nje vinavunjika. Mtu wa Korogwe aliyekula viazi vya Lushoto ndiye anayeweza kuvihukumu. Jioni nendeni Portara, lile geti la marumaru la hekalu la Apollo ambalo halikumalizika, limesimama peke yake kwenye kijisiwa mbele ya bandari tangu karne ya 6 kabla ya Kristo. Mnavuka kwa miguu.

Na mjomba wako, kama alifika mwaka 1988, huenda ninamfahamu kwa jina lake la melini. Niandikie pembeni.


Kutoka kwa: Mama Neema, Columbus
Wiki tatu baadaye

Ndugu zangu, narudi na majibu.

Tiketi tumekata. Columbus, Newark, Athens, siku kumi, halafu Addis na Dar. Pointi zimekwisha karibu zote, kodi na ada tumelipa kwa kadi. Kurudi tutalipia mwezi wa tatu. Baba Neema amepata miadi ya viza, barua ya mwajiri ina tarehe zote mbili, nimeiangalia mwenyewe. Usiku wa mwisho na wa kabla yake tunalala Piraeus, kama Kaka Shaabani alivyoelekeza. Na ndiyo, mjomba ni yuleyule anayemfahamu Kaka Shaabani, walikuwa wakipaka rangi meli pamoja kwenye karakana za Perama.

Jana niliwaunganisha mama na mjomba kwenye simu moja. Kwa muda hakuna aliyesema kitu, nilidhani mtandao umekatika. Halafu mama akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hata mimi nilikuwa silijui.

Nina swali la mwisho. Mjomba anataka tumpelekee dada yake bati la mafuta ya zeituni la lita tano. Linaingia kwenye ndege?


Kutoka kwa: Shaabani, Athens

Linaingia, begi la chini tu, mkononi hapana. Liwe limefungwa kiwandani, lisifunguliwe. Livishe mifuko miwili ya plastiki, lizungushie nguo za Baba Neema, na uliweke katikati ya begi. Lita tano zinakaribia kilo tano, pima begi nyumbani kwa mjomba. Mizani ninayo, nitaileta.