Baiskeli zisizo na cheni: zinatufaa kweli, au tunalipia urembo?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Kwenye yadi moja ya mitumba ya Kijapani nimekuta baiskeli mbili zisizo na cheni. Ya kwanza inavutwa na mkanda wenye meno, mfano wa mkanda wa taimingi ya gari. Ya pili ina shafti iliyofichwa ndani ya bomba, inatoka kwenye pedeli mpaka gurudumu la nyuma. Kila moja inauzwa karibu mara tatu ya bei ya baiskeli ya cheni iliyoegemezwa pembeni yake. Muuzaji anasema hutachafua suruali kwa oili tena, wala hutasimama njiani kurudisha cheni iliyotoka.

Naendesha kilomita 18 kwa siku, kwenda kazini na kurudi, kwa hiyo maneno hayo yalinigusa. Lakini nimelala nayo siku nne, na msimamo wangu ni huu: cheni ndiyo inayomfanya mtu wa kawaida aimiliki baiskeli yake kweli. Ikilegea, unavuta gurudumu nyuma unakaza nati. Ikikatika, fundi yeyote aliye chini ya mwembe anatoa pini, anaondoa kiungo kibovu, anagonga pini, unaondoka. Hans Renold aliisajili cheni ya roli kule Manchester mwaka 1880, na leo nafasi kati ya pini na pini ni nusu inchi karibu dunia nzima. Cheni ya duka la kijijini inaingia kwenye Fonisi ya babu na kwenye baiskeli iliyoshuka bandarini jana.

Na kuhusu nguvu, mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na James Spicer, waliipima cheni maabara wakaona inaweza kufikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu ya mguu kwenye gurudumu. Kitu kinachopoteza sehemu moja na nusu katika mia, tunakibadilisha ili tupate nini?

Naomba mnipinge.

Mwalimu, Unguja

Assalaam alaykum. Nakupinga, kaka yangu.

Hiyo 98.6 ni ya maabara, cheni safi. Njoo uipime ya kwangu. Natoka Paje kila asubuhi kwenda skuli ninayosomesha. Mchanga wa huku ni laini kama unga na upepo wa bahari una chumvi. Ukitia oili, mchanga unaganda juu yake, cheni inajisaga yenyewe kama imepakwa msasa. Usipotia, wiki ya pili ina kutu. Na mimi navaa buibui. Limeshanasa kwenye cheni mara mbili, na mara ya pili nilianguka, mkono ukafungwa wiki tano.

Wewe umehesabu bei ya cheni dukani. Hukuhesabu nguo, hukuhesabu Jumamosi za kusugua kwa mafuta ya taa, wala hukuhesabu woga. Nawajua wanawake walioacha kabisa kupanda baiskeli kwa sababu hiyo moja. Mkanda hautaki oili na hauoti kutu. Kwangu mara tatu ya bei si ghali ikiwa itanifikisha skuli nikiwa mzima. Na wanaogawa baiskeli kwa wanafunzi wa kike walifikirie hili kabla ya kuagiza.

Fundi, Morogoro

Mwalimu, pole na mkono. Hoja yako ni nzito, lakini naomba tuvitenganishe mkanda na shafti, maana mleta mada kavifunga kamba moja na si ndugu.

Nianze na shafti. Mtu wa kilo 80 akipanda mlima, anasimama juu ya pedeli. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17. Sproketi (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele ya meno 44, kutoka katikati hadi kwenye cheni, ni kama sentimita 9. Zidisha 80 kwa 17, gawa kwa 9: cheni inavutwa kama imebeba kilo 150. Mzigo huo unagawanywa kwenye meno mengi, kwa sababu cheni imekumbatia karibu nusu ya sproketi.

Sasa kwenye shafti kuna gia ya pembe, ile inayogeuza mzunguko kama kwenye difu ya gari. Lazima iwe ndogo ili ienee karibu na pedeli. Tuseme sentimita 4 kutoka katikati. Mguu uleule, mtu yuleyule, mzigo unafika kilo 340, na unabebwa na jino moja au mawili. Na kazi hiyo inafanyika mara mbili, mbele na nyuma. Fremu ikipinda kidogo tu kwa mzigo wa mkaa au magunia, meno hayakutani sawasawa, yanaanza kulana.

Niliwahi kuletewa moja. Mwenyewe alikuwa akisikia mlio tu, akaendelea kuendesha. Nilipofungua nilikuta chuma kimesagika kimekuwa uji na grisi, meno ya nyuma yamebaki vichuguu. Nilizunguka mjini kutafuta gia nyingine, nikauliza Dar, hakuna. Nilijaribu kuichongesha kwa mtu wa mashine ya lethi, akanionyesha kwamba meno yale yana mkunjo ambao mashine yake haiwezi. Baiskeli ile ilining'inia dukani kwangu mwaka mzima, mwenyewe akaacha hata kuja kuulizia. Fremu nzima, tairi nzima, ringi nzima, imekufa kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kizibo.

Mchangiaji, Arusha

Fundi, mbona pikipiki za BMW zimetumia shafti tangu 1923 na zinazunguka dunia? Na Major Taylor, yule Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli mwaka 1899, mwaka uliotangulia alivunja rekodi za mwendo akiwa juu ya baiskeli ya shafti. Si kwamba sisi tunaletewa tu za hali ya chini?

Fundi, Morogoro

Pikipiki ina injini, mkuu. Ikipoteza nguvu kidogo kwenye gia za pembe, unaongeza mafuta. Mtu anayekanyaga kwa muda mrefu anatoa kama wati 100, na kila wati inayopotea anaitoa kwenye mapaja yake. Tena pikipiki inaweza kubeba gia nene za chuma kizito, wewe utazisukuma?

Major Taylor namheshimu sana. Alikimbia kwenye uwanja laini, kwa muda mfupi. Wakati huohuo kampuni ya Pope ya Marekani iliuza Columbia isiyo na cheni kwa dola 125, pesa nyingi mno kwa siku hizo. Watu wenye uwezo walinunua, na bado cheni ikarudi kutawala. Jambo hili limejaribiwa kwa zaidi ya miaka 120.

Mchangiaji, aliyesoma Shanghai

Kuna mfano wa karibu zaidi na nimeuendesha mwenyewe. Mobike ilipoanza kukodisha baiskeli Shanghai mwaka 2016, baiskeli zake za kwanza zilikuwa za shafti, tairi zisizo na upepo, zikiwa zimeundwa ili zikae barabarani bila kuguswa na fundi. Zilikuwa na uzito wa kama kilo 25. Kwa mwenye kampuni, wazo lilikuwa zuri: hakuna cheni ya kutoka, hakuna mtu wa kutuma kila kona. Kwa mwenye miguu ilikuwa adhabu. Nilikuwa nikifika darasani shati limelowa. Mwaka huohuo wakatoa nyingine ya kama kilo 17, ya cheni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "haihitaji matengenezo" lina mtu linayemsaidia. Mwenye baiskeli elfu kadhaa analipa mafundi, kwa hiyo inamfaa. Mwenye baiskeli moja na mguu mmoja kila upande, hapana.

Mchangiaji, Rotterdam

Nimekaa Uholanzi miaka kumi na moja, naomba niutetee mkanda. Natumia wa kampuni ya Gates, wenye nyuzi za kaboni ndani, na gia nane zilizomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mvua, barafu, chumvi inayomwagwa barabarani. Mkanda huohuo mmoja, mwaka wa sita sasa. Naumwagia maji tu. Mwalimu, kwa mahitaji yako hujakosea hata kidogo.

Lakini kuna mambo muuzaji wa yadi hatamwambia mleta mada. Mkanda haukatwi wala haufungwi: ni duara moja, kwa hiyo fremu lazima iwe na sehemu ya kufunguka nyuma ili upite. Fremu ya kawaida haiupokei. Haukubali gia za kurukaruka sproketi. Unataka kukazwa kwa kipimo, na ukiukunja vibaya ukiwa mkononi nyuzi za ndani hukatika bila wewe kuona. Halafu kila urefu na kila idadi ya meno ni mkanda wake. Hapa naagiza leo, keshokutwa uko mlangoni. Nje ya hapo sijui ningefanya nini.

Tena watu wengi hapa hawana mkanda wala shafti. Wana cheni ndani ya kava iliyofungwa pande zote. Mchanga hauingii, sketi hainasi, cheni inakaa miaka.

Mchangiaji, Kisumu

Hapo umenena. Kuhusu kugawa baiskeli, wacha niwape la huku kwetu. Shirika la World Bicycle Relief lilianza mwaka 2005, na baiskeli zake ziitwazo Buffalo tunazijua sana magharibi mwa Kenya: wanafunzi, wahudumu wa afya, wauza maziwa. Mwaka 2023 walitoa ya gia mbili. Wangeweza kuitupa cheni, maana wana wahandisi wakubwa. Walichofanya ni kuongeza ya pili! Cheni mbili, friwili mbili, na unabadilisha gia kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Haina waya wa gia. Waliangalia nani ataitengeneza ikiharibika huko Siaya.

Mwalimu, Unguja

Nimewasoma nyote. Shafti nimeitoa moyoni, fundi amenishawishi kwa ile hesabu.

Ila msinipite haraka kwenye kava. Naitafuta hapa mjini tangu mwaka jana. Zinazouzwa ni nusu kava, bati linalofunika juu tu, chini wazi, na buibui hunasa chini. Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa nayo kamili. Leo zinaletwa bila hiyo kwa sababu inapunguza gharama, na anayelipa tofauti ni mimi. Mleta mada anasema cheni inamfanya mtu aimiliki baiskeli yake. Ya kwangu iko ndani ya nyumba, naogopa kuipanda.

Mleta mada, Dar es Salaam

Dada, hilo nakubali, na niliandika kama mtu anayevaa suruali tu. Nikiulizwa leo, cheni iliyofunikwa kote ndiyo ningeipigania, na wanaoagiza baiskeli za wanafunzi waidai kwenye oda. Mkanda nauona unafaa mahali penye duka la vipuri. Shafti sioni mahali pake.

Fundi, swali la mwisho. Ile ya mkanda bado iko yadini, na fremu yake ni nzuri sana. Mkanda ukifa, kuna njia ya kuirudisha kwenye cheni?

Fundi, Morogoro

Ipo, ukikagua kabla ya kulipa. Tazama sproketi ya nyuma imeshikwaje. Ikiwa imebanwa na ringi ya waya unayoweza kuichomoa kwa bisibisi, inatoka, na unaweza kupata ya cheni inayokaa palepale. Mbele hakikisha sproketi imefungwa kwa bolti, haikuunganishwa na mkono wa pedeli. Kisha pima kama kuna nafasi ya kuvuta gurudumu nyuma. Vikipatikana vyote vitatu, chukua, tumia mkanda mpaka uishe. Kimoja kikikosekana, iache.

Mleta mada, Dar es Salaam

Nakwenda Jumamosi na bisibisi na rula. Dada wa Paje, muuzaji huyo ana kontena jingine linafunguliwa wiki ijayo. Nitaangalia kama kuna yenye kava nzima, nitaweka picha hapa.