Waandishi wa modi za Minecraft za Fabric, acheni kuandika ">=1.20" kwa toleo ambalo hamjalijaribu!

Wakuu, nina hasira na leo nazimwaga hapa hapa.

Mimi na washkaji zangu wanne tuna dunia yetu ya Minecraft tuliyoijenga tangu mwaka jana. Ghala letu lilikuwa na makabati zaidi ya 60 ya modi (programu ya nyongeza kwenye gemu) moja ya kuhifadhia vitu. Wiki iliyopita tukahama kutoka toleo la gemu 1.20.1 kwenda 1.20.6. Nikabadilisha loda (Fabric, programu inayopakia modi kwenye gemu), nikaweka Fabric API mpya (maktaba ambayo modi nyingi zinaitegemea), nikasasisha modi zilizokuwa na toleo jipya. Ya makabati haikuwa na toleo jipya, lakini loda ikaipitisha bila neno, gemu likawaka, dunia ikafunguka. Nikaona mambo safi.

Naingia ghalani, nabofya kabati, halifunguki. La pili, hivyo hivyo. Nachungulia logi (faili ambalo gemu linaandika kila kinachotokea), hakuna kosa lolote. Nikachukua shoka nikavunja moja: likadondoka kabati tupu. Almasi, vitabu vya uchawi, kila kitu hakuna. Na gemu lilikuwa limeshajihifadhi lenyewe mara kadhaa.

Nikafungua jar, yaani faili la ile modi (ni zipu tu, yeyote anaweza). Kwenye fabric.mod.json (faili la maelezo ya modi), chini ya depends, yaani vitu ambavyo modi inavitegemea, jamaa ameandika hivi:

"minecraft": ">=1.20"

Yaani 1.20 na chochote kitakachokuja baada yake mpaka mwisho wa dunia! Ameahidi matoleo ambayo siku anaandika hayakuwa hata yametoka.

Kwa wasiojua: loda ya Fabric ni nyepesi, haina njia ya kupima kama modi kweli inaelewana na gemu. Inasoma kile mwandishi alichotamka na kukiamini. Ukitamka ukweli, toleo lisipoendana inagoma kuwasha gemu na kumtajia mtu modi yenye tatizo kwa jina. Ukidanganya, inapitisha. Kinga yetu yote iko kwenye mstari ule mmoja.

Na 1.20.5 haikuwa sasisho dogo, msije mkaniambia "ni namba ya mwisho tu imebadilika". Ilitoka Aprili 2024, ikataka Java 21 (Java ndiyo programu inayoendesha gemu) wakati 1.20.4 ilikuwa inatumia Java 17, na data za vitu zikahamishwa kutoka NBT (muundo wa zamani wa kuhifadhi data) kwenda kwenye mfumo wa vijenzi (components). Hata namna bloku inavyoitwa kusoma na kuandika data zake ilibadilika. Ndicho kilichoniua mimi. Msimbo wa zamani wa kabati haukuitwa tena, kwa hiyo yaliyomo hayakusomwa, na gemu lilipohifadhi likaandika utupu juu ya mali zetu. Bora lingezima na kunitupia ripoti ya kosa, maana dunia yangu ingebaki salama.

Najua ugonjwa huu unatoka wapi. Kwa matoleo haya, Fabric inatumia majina ya kati (intermediary) kwa sehemu za msimbo wa gemu, ambayo hayabadilikibadiliki kati ya toleo na toleo, kwa hiyo modi ndogo inaweza kuvuka matoleo kadhaa bila kuguswa. Mwandishi akiona imevuka mara mbili, anaacha mlango wazi. Modi ya kubadilisha rangi ya mawingu, sawa, iache. Lakini modi inayoshika mali za watu? Hata wale wanaoandika "~1.20" wakidhani wamejifunga, hiyo nayo inaruhusu 1.20.6. Andika ">=1.20 <1.20.5" halafu ukishajaribu toleo jipya, panua. Ni dakika moja!

Nilimwandikia mwandishi kwa heshima zote, nikamwekea logi na picha. Jibu lake: akiweka kikomo, watu wanamsumbua kila toleo jipya likitoka. Akafunga ripoti yangu.

Hoja hiyo haina miguu. Anayetaka kujaribu kwa hatari yake mwenyewe ana njia: kuna faili la fabric_loader_dependencies.json linalowekwa kwenye folda ya config, unabatilisha masharti ya modi yoyote unayotaka. Loda imeshampa mchezaji huo uhuru. Ila awe ameuchagua mwenyewe akijua anachofanya, siyo kuamuliwa na mtu aliyeona uvivu kuandika kikomo.

Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ni ya wiki tatu nyuma, ndiyo nimeirudisha, kwenye 1.20.1 ile ile. Wiki tatu za watu watano zimeondoka. Mmoja wetu alikuwa amemaliza paa la mnara siku mbili tu kabla ya kuhama.

Wenye modi za kuhifadhia vitu mliomo humu, fungueni mafaili yenu leo. Na wachezaji, kabla ya kuhama toleo chungulieni mstari huo kwenye kila jar. Mkikuta ">=" haina kikomo, wekeni jina la modi hapa chini pamoja na toleo mlilojaribia, tujue ipi inashika na ipi inakula mali.