Naomba ushauri: mbu wanaozaliwa kwenye maji ya chumvi nyuma ya mikoko wanaweza kuleta malaria?

BintiNjombe

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi wenye elimu ya afya na ninyi wenyeji wa pwani, kwa kuwa mimi nimekulia nyanda za juu, kwenye baridi, na mambo ya bahari nayajua kwa kusimuliwa.

Tangu Januari tunaishi katika nyumba aliyotuachia baba mkwe, kilomita chache kutoka mji wa Bagamoyo. Mbele yetu kuna mikoko, na kati ya mikoko na uzio wetu upo uwanda wa tope ambao maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua tu, yaani siku bahari inapojaa kuliko kawaida. Upande wa kulia yapo majaruba ya chumvi, na matatu kati yake yameachwa bila kutumika kwa miaka mingi. Nimeona kwamba bamvua ikishapita, baada ya siku nane au kumi hivi, mbu huongezeka ghafla kiasi kwamba hatuwezi kukaa barazani jioni. Binti yetu wa miaka 6 ameugua malaria mara mbili tangu Machi, na mara zote mbili zahanati walithibitisha kwa kipimo cha haraka.

Majirani, watu wazima ninaowaheshimu, wananihakikishia kwamba mbu wa malaria huzaliwa kwenye maji matamu peke yake, na kwamba mbu wa chumvi huuma lakini hana ugonjwa. Mume wangu naye hakubaliani nao: anataka kumwaga dizeli kwenye madimbwi yote na kukata mikoko iliyo karibu na uzio. Jambo jingine linalonisumbua ni kwamba mama mkwe wangu, tunayeishi naye, ana matende ya mguu mmoja tangu ujana wake, nami sijui kama mbu hao wanaweza kuyachukua kutoka kwake na kuyapeleka kwa watoto. Nifanye nini kwanza?

Kijana wa Kawe

Pole sana, dada. Mimi nadhani majirani wako wana hoja. Chumvi huua viluwiluwi. Nyumbani kwetu tulikuwa tukimwaga chumvi ya mawe kwenye madimbwi ya uani na mbu walipungua. Tafuta chanzo ndani ya ua wako mwenyewe kabla ya kulaumu bahari.

Mnasa Mbu

Dada, nimefanya kazi ya kunasa mbu kwa ajili ya utafiti katika vijiji vya pwani kwa miaka kadhaa, na jambo hili limo moyoni mwangu, kwa sababu imani hiyo ya majirani zako nimeikuta karibu kila kijiji, na imewafanya watu wengi waache kulala ndani ya chandarua wakidhani wako salama.

Ndugu yangu wa Kawe amesema kweli nusu. Chumvi huua viluwiluwi wa aina nyingi za mbu, lakini si wote. Katika kundi la Anopheles gambiae, ambalo ndilo kundi la wabebaji wakubwa wa malaria barani Afrika, yumo ndugu mmoja aitwaye Anopheles merus, ambaye makazi yake ni mwambao wa Afrika Mashariki na Kusini, Unguja na Pemba zikiwemo. Pwani ya Afrika Magharibi wanaye ndugu yake, Anopheles melas. Kwa macho huwezi kumtenganisha merus na gambiae wa maji matamu, hata ukimtazama kwa kioo cha kukuzia. Katika miaka ya 1950 watafiti wa mwambao wetu waliwatofautisha kwa njia rahisi sana: waliwatia viluwiluwi wachanga katika maji ambayo robo tatu yake ni ya bahari. Wa maji matamu walikufa ndani ya saa chache, na merus akaendelea kuogelea. Siri yake iko katika sehemu ya mwisho ya utumbo, ambako chembe maalumu huisukuma nje chumvi anayoimeza pamoja na maji. Siku hizi tunawatambua kwa kupima vinasaba.

Kuhusu ugonjwa, nitasema wazi: ndiyo, anaambukiza malaria. Utafiti uliofanyika katika ukanda huohuo wa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulichunguza aina nne za Anopheles, yaani jamii ya mbu wa malaria, zinazoeneza ugonjwa huo pale, na merus alikuwa mmoja wao. Kusini mwa Msumbiji, eneo la Boane, naye amekutwa na vimelea. Ni kweli kwamba kwa kawaida uwezo wake ni mdogo kuliko wa gambiae au wa mbebaji mwingine mkubwa aitwaye Anopheles funestus, kwa sababu huuma ng'ombe pia na hupenda kupumzika nje ya nyumba. Lakini wanapotoka kwa maelfu baada ya kila bamvua, hata sehemu ndogo ya maelfu inatosha kumlaza mtoto.

Naomba utujibu mambo mawili ili tukusaidie vizuri. Wanauma saa ngapi? Na ukichota maji kwa bakuli jeupe, viluwiluwi wanalala vipi: sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, au wananing'inia kichwa chini?

Mpemba wa Wete

Bibie, mimi nataka kuongeza mbu wa pili, ili usije ukawachanganya. Huku kwetu kwenye mikoko kuna mbu anayeuma mchana, tena kwa ukali, kiasi kwamba mkata kuni hawezi kutulia. Wataalamu wanamwita Aedes pembaensis, jina lililotoka kisiwani kwetu. Huyu viluwiluwi wake hukaa ndani ya mashimo ya kaa, na mayai yake hayatagi juu ya maji, bali huyabandika kwenye miguu ya kaa mwenyewe, kisha kaa anayabeba hadi shimoni kwenye maji. Jambo hilo liligunduliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1950. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilikwenda kutazama kaa kwa siku nzima!

Basi kama wanaokusumbua wanauma saa tisa mchana ukiwa karibu na mikoko, huenda ni huyo, naye si Anopheles na haleti malaria.

Muuguzi wa Zamu

Nami nitazungumzia wagonjwa, maana wengine wanazungumzia mbu.

Kwanza mtoto. Malaria mara mbili katika miezi michache inaweza kuwa maambukizi mapya kila mara, au ya kwanza haikwisha sawasawa. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu kamili, hata kama homa imeshuka siku ya pili, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Homa ikirudi, apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Usikisie, na usimpe dawa iliyobaki. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Pili mama mkwe. Matende huletwa na minyoo midogo sana, Wuchereria bancrofti, inayokaa katika mishipa ya limfu. Mbu huchukua watoto wa minyoo hao katika damu ya mtu, na katika ukanda wetu watoto hao hutokea kwenye damu usiku, zaidi kati ya saa nne na saa nane. Hukua ndani ya mbu kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne, kisha huingia kwa mtu mwingine. Anopheles merus ametajwa miongoni mwa wanaowabeba pwani ya Kenya, kwa hiyo hofu yako haikukosa msingi. Lakini usimtazame mama kama chanzo cha hatari. Mguu uliovimba kwa miaka mingi mara nyingi ni kovu la minyoo waliokwisha kufa, na mwenye vidudu vingi kwenye damu anaweza kuwa kijana mzima asiye na dalili yoyote. Tena tofauti na malaria, ambayo kuumwa mara moja kunaweza kutosha, matende huhitaji kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi sana kwa muda mrefu. Kinga ya familia ni nyote mnaostahili kumeza kingatiba, yaani dawa za kuzuia matende, kila inapogawiwa, na nyote kulala ndani ya chandarua.

Mama mwenyewe anahitaji kuoshwa mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, kutibiwa kila kidonda kidogo, na kuinua mguu anapokaa. Nimewaona akina mama ambao homa za mara kwa mara za mguu ziliisha kwa utaratibu huo tu, wakarudi kwenye shughuli zao. Tafadhali, lifanye hilo kuanzia leo.

Mzee wa Majaruba

Mwanangu, mimi nimevuna chumvi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwambie mumeo aiweke dizeli yake. Ataua dagaa, kamba na kaa, na bamvua ijayo itaibeba yote, na mbu watarudi. Na mikoko asiiguse. Kwanza ni hifadhi ya serikali, na kuikata bila kibali ni kosa. Pili, ukiondoa kivuli unaliachia jua tope, kila alama ya mguu inakuwa kidimbwi cha wazi, na mbu hao wanapenda kidimbwi chenye jua.

Elewa kwanza mwendo wa maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji hupanda hadi kwenye uwanda wako, kisha yanaposhuka huacha madimbwi nyuma. Yakifuata maji mafu, yaani siku bahari inapojaa kidogo tu, bahari haifiki tena pale kwa siku kumi au zaidi. Hizo ndizo siku ambazo mbu anahitaji kutoka yai hadi kuruka, na ndiyo maana umeona mwenyewe kwamba wanakuja siku ya nane au ya kumi.

Jaruba linalofanya kazi halina mbu, kwa sababu maji yake yamekolea mno hata kiluwiluwi wa chumvi hawezi kuishi humo. Baya ni jaruba lililoachwa. Kingo zimebomoka nusu, maji ya bahari yanaingia na hayatoki, na mvua ya masika inayapunguza ukali. Hayo matatu yanahitaji mfereji.

BintiNjombe

Nawashukuru wote kwa dhati. Shikamoo, mzee wangu wa majaruba.

Jana na leo nimepita na bakuli jeupe pamoja na mume wangu. Katika majaruba mawili yaliyoachwa na katika madimbwi ya tope tumekuta viluwiluwi wengi wanaolala sambamba na uso wa maji. Jaruba la tatu, lililo karibu na barabara, maji yake niliyagusa kwa ulimi na yana chumvi kidogo tu, nadhani kwa sababu ya mvua, na nalo lina wale wanaolala. Ndani ya simtanki letu ambalo mfuniko wake ulipasuka tumekuta wanaoning'inia kichwa chini. Wanaotuuma kwa wingi huanza giza likiingia na kuendelea usiku; mchana wako wachache, karibu na simtanki. Chandarua cha mtoto kina matundu manne, jambo linalonitia uchungu kuliandika.

Mnasa Mbu

Umefanya kazi ambayo wengi hatufanyi, dada. Wanaolala sambamba ni Anopheles, maana hawana mrija wa kupumulia mkiani. Katika majaruba yenye chumvi kali, nina hakika kubwa kwamba ni merus. Lile la karibu na barabara linaweza kuwa na merus na hata ndugu zake wa maji matamu au ya chumvi kidogo, na hilo haliwezi kuamuliwa bila maabara; la kufanya, hata hivyo, ni lilelile. Wa simtanki ni jamii nyingine. Wanaouma mchana karibu na maji yaliyohifadhiwa mara nyingi ni Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Lifunikeni leo.

Kwa mpangilio wangu: chandarua kipya chenye dawa kwa kila kitanda, kwa sababu merus huuma zaidi usiku wa manane hata kama hupumzika nje, nyavu madirishani na kwenye matundu ya juu ya ukuta, watoto waingie ndani giza linapoingia, kisha mazalia. Kwa majaruba, muoneni afisa afya wa kata kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi inayotokana na bakteria. Inatengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, nayo haidhuru samaki wala kaa. Iwekwe siku mbili au tatu baada ya bamvua kushuka, wakati viluwiluwi bado ni wadogo na wanakula. Wakishafika hatua ya mwisho kabla ya kuota mbawa hawali kitu tena, na dawa inapotea bure.

Mzee wa Majaruba

Marahaba, mwanangu. Mfereji usiuchimbe wewe peke yako. Mwende kwa mtendaji wa kijiji, mwenye majaruba aitwe, maana ardhi ni yake na jukumu ni lake. Mfereji mmoja unatosha kwa majaruba mawili ya chini, uanze pale kingo ilipobomoka na uelekee kwenye mkondo wa zamani unaopita kando ya mikoko, si katikati yake. Uwe na kina cha kuyatoa maji yote yanapokupwa, ili yaingie na kutoka kila siku pamoja na samaki wadogo, ambao watawala viluwiluwi watakaobaki. La tatu lifukiwe kwa udongo wa kingo zake. Mfereji uchimbwe wakati wa maji mafu, tope likiwa limekauka kidogo, na mumeo akiwa na vijana wanne wenye majembe, ni kazi ya siku mbili.

BintiNjombe

Tumeongea na mtendaji leo asubuhi, na mwenye majaruba amekubali kuja Jumamosi. Mume wangu amerudisha dizeli dukani. Vyandarua vitatu tumevipata, na mama ameoshwa mguu jana na leo. Amesema hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba katikati ya vidole pakaushwe. Nitaleta taarifa siku ya kumi baada ya bamvua ijayo, nikiwa nimechota maji kwenye madimbwi yaleyale.